Baba Alipomwekea Dau Mjomba Shee

Arobaini ya baba ilipokwisha na wageni wakatawanyika, mimi ndiye niliyeachiwa kuisafisha cherehani yake. Nilipofungua kifuniko cha chini, pale mafuta yanapotuama na vumbi la nyuzi, harufu ikanipanda puani kabla sijajiandaa: mafuta ya mashine, chaki, na nguo mpya isiyoguswa na maji. Cherehani hii aliinunua hapa Mombasa, uzeeni. Lakini harufu haijui hayo. Ilinichukua moja kwa moja hadi Kismayo, kwenye duka letu la mlango mmoja karibu na soko la samaki, nikiwa chini ya meza, nimekalia rundo la vipande vya vitambaa, nikisikiliza wanaume wakibishana juu ya ndondi.

Wa rika langu waliokulia mji ule watakumbuka jinsi ndondi zilivyotuingia vichwani. Mzee mmoja aliyewahi kupigana Mogadishu alirudi nyumbani hana meno ya mbele, akaomba bohari kuukuu karibu na bandari, akafunga kamba za meli kwenye nguzo nne na kutandika magunia chini. Basi. Mji ukapata ulingo, na ulingo ukapata bingwa. Tulimwita Winchi kwa sababu ya kazi yake ya kupakua mizigo bandarini. Alikuwa akipita na gunia la sukari begani na jingine kwapani, huku anaimba. Sisi watoto tulimkimbilia, naye alikuwa akitunyanyua kwa mkono mmoja, tukining'inia kama ndizi mkunguni. Kila aliyeingia naye ulingoni alitolewa amebebwa kabla watazamaji hawajamaliza kahawa yao.

Mjomba Shee alikuwa kitu kingine kabisa. Alikuwa kitinda mimba, mdogo wa mama, na baba yangu ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki kule kisiwani Chovai. Alikuwa akipiga mbizi kutafuta kambakoche kwenye miamba, na mwili wake ulikuwa wa kazi hiyo: mwembamba, mrefu, mbavu zote nje. Kila akirudi nyumbani na macho mekundu kwa chumvi, wimbo wake ulikuwa mmoja. "Ningekuwa na dau langu," alikuwa akimwambia mama, "nusu ya kamba hawa wasingeishia kwa mwenye chombo." Jioni alikwenda bohari kwa yule mzee, akajifunza ngumi. Hakuna aliyemchukulia maanani, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujichukulia.

Kisha likatangazwa pambano kubwa. Bondia kutoka Mogadishu angekuja kupigana na Winchi. Mji mzima ulijiandaa, na pambano lilipokaribia, habari zikaja kwamba mgeni ameghairi. Ilitakiwa mtu wa kusimama mahali pake, ili vachu, yaani watu kwa Kibajuni chetu, wasirudi nyumbani bure. Mabondia wa bohari wakatazamana, kila mmoja akakumbuka ana shughuli. Mjomba Shee akanyoosha mkono.

"Umerukwa na akili," mama alimwambia alipoleta habari ile. Baba hakuwa msemaji. Wakati ule yeye na mjomba walikuwa hawaelewani sana, kwa sababu baba alitaka kijana ajifunze kushona, na kijana alisema afadhali kufa maji kuliko kufa amekaa.

Mabishano ya dukani yalikuwa ya ajabu. Wanaume walikuwa wakikusanyika kibarazani kwetu kunywa kahawa, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kushindania: huyu redio, yule mbuzi, mwingine saa ya mkononi. Tatizo lilikuwa kwamba wote walikuwa upande wa Winchi. Hapakuwa na wa kushindana naye. Siku moja Haji Nuru, mnunuzi wa kamba, mtu wa mwili na wa mzaha mwingi, alichoka na hali hiyo.

"Sikilizeni," alisema. "Atakayemwekea dau Shee, Shee akishinda nampa mashine yangu ya boti. Ile mpya, haijaonja chumvi. Nani yuko?"

Wakacheka. "Warya, Haji," mmoja alimwita kwa Kisomali, "mashine yako iko salama. Hata Wabajuni wenzake hawamtaki."

"Kweli," Haji akasema. "Hata fundi Omari hapa, aliyemlea kama mwanawe, hawezi kumwekea hata sindano."

Mimi nilikuwa chini ya meza, na nilichokiona ni mguu wa baba tu. Ulikuwa ukikanyaga pedali taratibu kama kawaida, halafu ukasimama. Kushona kukanyamaza. Nje nako wakanyamaza.

"Mimi namwekea dau," baba alisema.

"Unamwekea nini, fundi?"

Nikasikia kiganja chake kikipiga chuma juu ya kichwa changu. "Hii."

Sasa, mtoto wa watu wa bahari akisikia dau, anaona mbao, tanga na nanga. Sikujua kwamba neno lile lina maana nyingine. Niliyoyaelewa mimi yalikuwa haya: Haji Nuru ameuliza ni nani atamwekea Mjomba Shee chombo, ili aache kupiga mbizi kwenye vyombo vya watu, na katika mji mzima baba yangu peke yake ndiye aliyekubali. Na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, ataiuza cherehani ili kukinunua. Nilitoka chini ya meza nikapita katikati ya miguu ya wanaume wale, nikakimbia hadi nyumbani na moyo umejaa.

Mama alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Mama! Baba amemwekea dau Mjomba!"

Mkono wake ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Nimesikia mwenyewe. Mbele ya Haji Nuru na vachu wote."

"Ameweka nini, Zena?"

"Cherehani."

Nazi ikamtoka mkononi ikabingirika hadi mlangoni. Mama akajifunika uso kwa kanga na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamtazama nikatabasamu. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba watu wazima wanaweza kulia kwa furaha, lakini sikuwa nimewahi kuona.

Nikaenda ufukweni kumtafuta mjomba mwenyewe. Nilimkuta amekaa nyuma ya mashua iliyopinduliwa ili kupakwa mafuta, na miguuni pake pana furushi la nguo. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na mchanga ulionyesha kwamba alikuwa ametapika.

"Unakwenda wapi, Mjomba?"

"Chovai. Kuna chombo kinaondoka."

"Na ngumi?"

Akatazama pembeni. "Kuna mengine duniani zaidi ya ngumi, Zena. Usimwambie mama yako mpaka nimeondoka."

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikamwinamia sikioni, kama mtu anayetoa zawadi. "Baba amekuwekea dau."

Akageuka polepole. "Omari? Baba yako? Mimi?"

"Ndiyo. Ametoa cherehani. Mama analia kwa furaha."

Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikasubiri acheke. Hakucheka. Aliinuka, akalitupa furushi begani, akanishika mkono, tukarudi nyumbani. Kile chombo cha Chovai kikaondoka bila yeye. Niliona ni sawa tu. Mwenye dau lake ana haja gani ya kupanda chombo cha watu?

Jioni baba alirudi kutoka msikitini akamkuta mjomba amesimama uani. Mama alikuwa ndani, na tangu mchana hakuwa amemtamkia mtu neno. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti, nikisubiri kusikia dau lile ni la rangi gani.

"Shemeji, ni kweli?" mjomba aliuliza.

"Ni kweli."

"Liondoe."

"Neno limeshatoka mbele ya watu."

"Nikijitoa mimi, dau linakufa lenyewe."

"Ndiyo. Ukitaka kujitoa, jitoe. Sitakulaumu, na hapa ni kwako vilevile."

"Na nikipigwa? Utashona na nini?"

"Nina mikono," baba alisema. "Na sindano ninazo." Kisha akavua viatu vyake, akaingia ndani kama mtu aliyeulizwa saa.

Niliitazama sura yake ilipopita mbele yangu. Ilikuwa tulivu kama maji ya birika. Pale pale nikaamua kwamba baba anajua. Kwamba kuna jambo ambalo mji mzima, pamoja na Haji Nuru na redio zao na mbuzi wao, hawalijui, ila baba yangu analijua. Kosa lile la kitoto nilikaa nalo miaka mingi zaidi kuliko lile la dau.

Siku ya pambano, baada ya sala ya alasiri, mama alitandika mswala wake chumbani. Baba alisimama mlangoni. "Mama Zena," akaita.

"Mchukue na mtoto," mama akajibu bila kugeuka. "Akaone baba yake anachokifanya."

Ndivyo nilivyoingia bohari, mtoto wa kike peke yangu, juu ya mabega ya baba. Palinuka jasho, magunia na samaki mkavu. Winchi aliponiona alinipungia glavu, nami nikampungia mkono, maana sikuwa na chuki naye. Mjomba alivua shati, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka akiona punda amevishwa kofia.

Ngumi ya kwanza iliyompata barabara ilimlaza chini. Nilisikia sauti yake magunini, nzito kama papai lililoanguka. Watu wakaanza kuinuka kuondoka. Lakini mimi nilikuwa juu, nikauona uso wa mjomba, na macho yake yalikuwa wazi. Kifua kilikuwa kimetulia kabisa. Mara nyingi nilikuwa nimemwona hivyo kwenye maji ya kina kifupi, amejilaza, ameshika pumzi, anamsubiri kamba atoe kichwa mwambani. Refa akihesabu, mjomba akasubiri, akasubiri, kisha akaja juu.

Akaangushwa tena. Akaja juu tena. Jicho moja likafunga. Nilihisi mabega ya baba chini yangu yamekuwa magumu kama mbao. Na halafu, sijui ni raundi ya ngapi, pakatokea jambo ambalo hakuna mtu Kismayo aliyewahi kuliona. Winchi alifungua mdomo. Alikuwa akihema. Mtu ambaye siku zote alimaliza kazi yake haraka hakuwa amewahi kuhitaji pumzi nyingi hivyo, na sasa alizitafuta hakuzipata. Mjomba, ambaye pumzi ndiyo ilikuwa riziki yake, alimsogelea akaanza kumpiga mbavuni, mahali pale pale, bila haraka, kama anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuna mtu. Winchi akarudi nyuma. Akainamisha kichwa. Akapiga goti, akaweka glavu zote mbili chini, na refa alipofika akamtikisia kichwa: basi.

Pakawa kimya. Nilitegemea kelele, lakini waliomtegemea Winchi walikuwa ni watu wote. Kisha kona moja, walipokaa wavuvi wetu wachache waliokuja kwa huruma tu, ukapigwa ukelele uliotetemesha mabati. Baba alinishusha chini. "La ilaha illa Llah," alisema kwa sauti ndogo. Mkono alionishika nao ulikuwa umelowa chapachapa.

Haji Nuru alikuwa mtu wa neno lake. Kesho yake asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba yetu, Haji mwenyewe kando, na mkokotenini ile mashine ya boti, imefungwa bado kwenye nailoni. Majirani wakajaa. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Kitu cha kamari kikiingia mlango huu," alimwambia baba, "mimi natokea wa nyuma."

Baba aliitazama ile mashine. Sijui alikuwa na mawazo gani. Kisha akasema, "Haji, irudishe. Cherehani yangu sikuipoteza, inatosha."

"Fundi, ni haki yako."

"Si haki yangu. Nilikosea. Irudishe."

Mjomba alikuwa amejilaza ndani na kitambaa cha maji machoni. Alisikia, akatoka akishika ukuta. Sijawahi kumwona mtu na uso ule.

"Shemeji! Ngumi nimekula mimi, na uchaji Mungu unauonyesha wewe?"

Baba akamsaidia mwenye mkokoteni kuugeuza.

"Mashine kama ile! Unajua ni kitu gani kwa mtu kama mimi?"

"Najua."

"Hujui!"

Nikaona wakati umefika wa kusaidia. "Si neno, Mjomba," nikasema. "Mashine ya nini? Baba ameshakuwekea dau. Dau lenyewe liko wapi, Baba?"

Majirani waliangua kicheko, mpaka mwenye mkokoteni akakaa chini. Hata mama aligeuza uso. Baba na mjomba peke yao hawakucheka. Ilibidi jirani mmoja anieleze uani, taratibu, kwamba dau alilozungumzia Haji si chombo cha baharini, na kwamba baba angeweza kuipoteza cherehani na sisi tukalala njaa. Nililia siku ile. Nililia kwa aibu, na kwa dau ambalo nilikuwa nimeshalipaka rangi kichwani.

Mjomba alirudi Chovai uvimbe haujanywea. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Huko nje, wale wale waliokuwa upande wake walimgeukia Winchi. Walimzomea bandarini na kusema ameuza pambano. Siku moja alikuja dukani na suruali iliyochanika, akakaa kibarazani peke yake, maana wengine waliinuka. Nilidhani atakuwa na huzuni. Baba alishona, akakataa malipo. Winchi akauliza, "Jicho la yule kijana limepona?" Baba akasema limepona. Winchi akaitikia kwa kichwa, akaegemea ukuta, akafumba macho, akalala pale pale kibarazani mpaka adhuhuri, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa ameubeba hajui tangu lini.

Kabla ya Idi, baba alinunua jora la maradufu, kitambaa kizito cha tanga, akaanza kushona kila alipomaliza kazi za watu. Hakusema ni la nani. Idi ilipofika tukaenda sote Chovai. Mjomba alikuwa ameingia ubia na rafiki yake kwenye chombo kikuukuu, na tanga lao lilikuwa viraka vitupu. Baba akaweka lile tanga, limekunjwa, mbele yake kwenye jamvi. Mjomba akalifungua, akapitisha vidole kwenye mshono.

"Pembeni umepiga mara mbili," alisema.

"Ndipo panapoanza kuchanika."

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nilisubiri yaliyobaki, radhi na machozi, lakini hapakuwa na zaidi. Mjomba alimsogezea baba sinia la samaki na kumchagulia kichwa, nao wakala.

Vita vilipoingia Kismayo tulikimbia kwa bahari pamoja na maelfu ya wenzetu, mjomba kivyake kutoka Chovai, sisi kivyetu. Chomboni watu walikuwa wamebanana, mama akilia, wadogo zangu wakilia, nami nikilia kwa kuwaona wao. Baba akasema kwa sauti ile ile ya uani, "Tutarudi. Ramadhani haitatukuta ugenini." Nikafuta machozi. Kwa nini nisifute? Huyu ndiye mtu aliyekuwa peke yake dhidi ya mji mzima, na akawa yeye ndiye mkweli.

Kambini, huku Kenya, mama alitaka niandikishwe shule. Nilikataa. Nilimwambia hakuna haja, baba amesema tutarudi. Wenzangu walijifunza kusoma chini ya hema, nami nikakaa mlangoni, nimevaa viatu. Ramadhani ikapita, na nyingine. Nilisema amekosea mwezi tu. Nilipokubali hatimaye kuingia darasani nilikuwa mrefu kuliko mwalimu, na watoto wakanicheka. Hata tulipohamia Mombasa, hata nilipoolewa, sehemu fulani yangu ilikaa vivyo hivyo, imevaa viatu. Sikumlaumu baba. Niliamini kwamba anajua, na kwamba kilichokosewa ni hesabu yangu.

Mwaka mmoja kabla hajafa, mwanangu aliingia kibarazani na simu mkononi, akimwambia mwenzake kwamba amemwekea dau bondia mmoja ambaye hakuna anayempa nafasi. Baba alimkemea, kijana akaondoka akinung'unika. Nikabaki na baba. Sijui kwa nini sikuwa nimewahi kuuliza.

"Baba, wewe ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba Mjomba Shee atashinda."

Akanitazama kama anayetafuta mzaha usoni mwangu. "Mimi? Nilijua atapigwa. Nilimwomba Mungu asiuawe tu. Nilikuwa nimeshazungumza na fundi mmoja sokoni, nikamshonee vifungo kwa mkono."

"Basi kwa nini uliweka cherehani?"

Barabarani mtu alipita anauza viazi karai.

"Walikuwa wanamcheka wote," alisema. "Hakuwa na mchu."

Neno lile, mtu kwa lafudhi ile ya nyumbani, lilinirudisha chini ya meza. Nikaona mguu uliosimama juu ya pedali. Nikauona mkono uliolowa. Na nyuma yake nikaona kile chombo kilichobanana watu, nikahisi swali jingine linakuja, na nikaogopa kuliuliza, na nikaliuliza.

"Na ulipotuambia tutarudi, Baba? Hilo nalo hukulijua?"

Hakugeuka. Alikuwa akiuangalia mkono wake, vidole vilivyojaa makovu madogo ya sindano.

"Mlikuwa mnalia," alisema.